Papa Upanga na Bi Kinu

Kilichoniponza ni kina cha mwisho. Lau ubeti ule ningeumaliza kwa -ma au kwa -ni, Ijumaa ile ningekwenda kwa Bi Hadia kama watu wengine, nikawapiga watu mieleka, nikala mahamri yangu matatu na kurudi nyumbani na heshima yangu mfukoni. Lakini mshororo wa kwanza nilikwisha kuutia shati, wa pili nikautia makuti, na mtunzi akishaingia kwenye -ti hatoki ila kwa -ti. Likaja neno kiti. Nikalikamata kabla sijafikiri.

Bi Hadia ni mjane wa mtaa wa Langoni, hapa kisiwani Amu, ndiyo Lamu. Chumba chake cha mbele amekigeuza ukumbi wa gemu: runinga kubwa ukutani, mashine chini yake, mikeka sakafuni. Baada ya alasiri vijana hujaa humo kupigana mieleka ya kwenye kioo, ile ambayo mtu huvunjwa mgongo mara tano kisha akainuka akapunga mkono. Bi Hadia mwenyewe huketi nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Gemu likiendelea hatumwoni. Twauona mkono wake tu, wenye bangili mbili, ukitoka paziani na sahani ya mahamri na kurudi na sahani tupu.

Gemu lenyewe huitwa Miamba wa Ulingo, nasi twaliita Miamba. Kila mwaka hutoka jipya. Ni kama sare ya shule: kitambaa kile kile, rangi ile ile, ila beji imesogezwa kidogo, na mzazi hana la kufanya.

Sasa kiti. Miaka minne iliyopita hewa ya chumvi ilikula spika ya runinga ya Bi Hadia. Watu wakawa wanapigana kimya kimya, na mieleka bila sauti ni kama arusi bila ngoma. Unaona watu wanarukaruka na hujui kwa nini. Siku ya tatu nilishindwa kuvumilia. Nikasimama nikaanza kutangaza, kwanza kwa maneno ya kawaida, kisha maneno yakaanza kujipanga yenyewe, mizani na vina, na chumba kizima kikaacha kutazama runinga kikanitazama mimi. Baada ya mwezi Harith, rafiki yangu ambaye ni kinyozi, akaniletea kiti chake cha zamani cha kunyolea. Kinazunguka. Kina kanyagio ya kukipandisha juu. Kina ugonjwa mmoja tu: ukikaa sana hushuka polepole huku kikikoroma.

Asubuhi mimi hubeba mizigo ya wageni kutoka uwanja wa ndege wa Manda hadi kwenye boti. Huko hakuna anayeniuliza maoni yangu juu ya jambo lolote. Huko mimi ni mikono. Kwenye kiti kile mimi ni mdomo, tena mdomo ambao watu hutoka Shela kuja kuusikiliza. Basi mtu akiniambia kiti ni kiti tu, hajui asemalo.

Na sitaki kulidhulumu gemu. Miamba lina jambo moja lisilo na mfano: linakuruhusu kujitengenezea mpiganaji wako mwenyewe, kuanzia kisigino hadi utosi. Wangu ni Papa Upanga. Ana kifua kama mlango wa msikiti, kikoi chekundu, na pua ndefu kuliko fitina, yenye meno pande zote mbili kama ya samaki aliyempa jina. Nilikesha siku nne kuichonga pua ile. Lakini tazama ubaya wake: gemu jipya likija, mpiganaji wako hahami nalo. Abaki kwenye la kale, nawe uanze upya. Nimemzika Papa Upanga mara tatu, na mara tatu nimemchonga pua upya. Ukinisikia nalitukana Miamba, jua ni mtu aliyefiwa.

Ndipo Ndirangu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Ndirangu ni mwalimu wa hesabu, mtu wa Nyeri, ana miaka miwili hapa na amezoea mpaka anakula pweza. Alikuwa amekwenda kwao likizo.

"Wasee, nakuja na Miamba mpya," alisema. "Na nimebeba spika. Hii ya mwaka huu ina watangazaji wawili, wanaongea Kiingereza safi, mpaka unadhani uko uwanjani. Muhdhar, bro, sasa utapumzika."

Utapumzika! Nilikuwa Manda, sanduku la mgeni kichwani. Nililitua pale pale gatini, mgeni akidhani nimeumwa na nge, nikashika simu, na ubeti ukanitoka kama maji ya mfereji uliopasuka:

*Lijile jipya Miamba, la kale kwa jipya shati,*
*Chokaa juu ya nyumba, ndani ni yale makuti,*
*Nasema bila kutamba, wala sitaki bahati:*
*Likilishinda, naamba, naondoka kwenye kiti.*

Nikatuma. Nikabeba sanduku. Nilipofika kwenye boti ndipo nilipojisikiliza tena, na mshororo wa nne ukanipiga kifuani. Nilikuwa nimeapa. Tena nimeapa kwa shairi, mbele ya watu themanini na wawili, juu ya gemu ambalo sijaligusa hata kwa kidole.

Kwetu Amu, mtu akijifunga kwa maneno ya kawaida anaweza kujitetea: nilikuwa na homa, nilikuwa natania. Akijifunga kwa shairi amejifunga. Shairi halina homa.

Bado nilikuwa na tumaini kwamba hakuna atakayelijibu. Shairi lisilojibiwa hulala. Nilifika nyumbani, nikaoga, nikafungua simu. Lilikuwa limejibiwa. Na aliyelijibu hakuwa Harith wala Ndirangu. Ilikuwa sauti ya Bi Hadia, na nyuma yake mafuta yakichacharika kwenye karai:

*Umesema, umetamba, mwanangu mwenye sauti,*
*Mchuzi hujauramba, waushutumu kwa dhati;*
*Kama kweli wewe mwamba, Ijumaa twende kati,*
*Nimtwange kama pumba, ukisha unipe kiti.*

Vina vyangu vile vile! -mba na -ti! Nilisikiliza mara saba. Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa hofu, na zile tano za mwisho, nakiri, kwa sababu ulikuwa ubeti mzuri.

Nilikwenda mbio hadi Langoni. "Bi Hadia," nikasema nje ya pazia, "ni mzaha?"

"Mzaha ni wako, mwanangu. Mimi nimejibu."

"Nani atakayecheza na mimi?"

"Mimi."

"Wewe, Bi Hadia? Na gemu umejulia wapi?"

Nikasikia kijiko kikiwekwa chini. "Asubuhi nyote mko makazini. Maharagwe yangu yako motoni, mashine yangu iko pale. Mwadhani naifuta vumbi tu? Ubingwa wa wanawake nimeushika miaka miwili, na wa kunipongeza ni paka."

"Basi kwa nini hujapigana nasi?"

"Kwa sababu hilo gemu lenu la mwaka wa yana halitaki. Mpiganaji wangu ni mwanamke. Nikimweka na mwanamume linakataa, lanirudisha mlangoni kama mwenye deni. Nimekaa nyuma ya pazia hili nikikusikiliza wajisifu na Papa wako, na dawa yako ninayo mkononi, sina ndia. Mwalimu ameniambia la mwaka huu lakubali. Mimi ndiye niliyemwagiza."

Nikauliza, "Na mwamuzi atakuwa nani? Wa kusema kama jipya limelishinda la kale?"

"Nani alikula kiapo?"

"Mimi."

"Basi mwamuzi ni wewe. Mtu akijifunga kwa shairi hujifungua kwa shairi, vina vile vile. Ijumaa tukimaliza utasimama useme ukweli wako. Ukisema la kale ni bora, narudi jikoni, sitii neno. Kiti chako."

Nilitoka nikicheka. Mwamuzi ni mimi! Nilirukaruka njia nzima mpaka punda wa Bwana Abdulhalim akanipisha. Nilipofika nyumbani kicheko kikaanza kupungua. Kushindana na mtu ni rahisi. Mwanamke yule alikuwa amenipa mpinzani mmoja tu nisiyeweza kumdanganya.

Gemu lilifika Jumanne, na hapo hapo likaanza kunipa silaha. Kwanza, halikuwa gemu, lilikuwa nusu ya gemu. Nusu ya pili ilitakiwa kushushwa kwa intaneti, na intaneti ya Amu unaijua. Ndirangu aliweka simu yake juu ya paa la Bi Hadia kutafuta mtandao, akaifunga kwa kamba isichukuliwe na kunguru. Siku mbili na nusu! Nilipita kila jioni kuuliza hali ya mgonjwa.

"Asilimia arobaini na moja," alisema Ndirangu, uso umemsawajika.

"Jana ilikuwa ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Mwalimu, wewe ndiye wa hesabu. Nifafanulie."

"Toka hapa, Muhdhar."

Alhamisi likafunguka, nasi tukaingia kutengeneza wapiganaji wetu, mimi saa yangu, Bi Hadia saa yake. Nikamchonga Papa Upanga pua ya nne. Na hapa ndipo moyo wangu ulipoanza kunisaliti. Kwa maana pua safari hii ilikubali. Miaka yote meno yale yalikuwa michoro tu. Mwaka huu yalisimama, yakapiga kivuli shavuni. Nilimvisha kikoi, na kikoi kikapeperuka alipogeuka. Alipotua chini ulingo ulitikisika, na jasho likamrukia mwamuzi wa kwenye kioo. Nilikaa nikamtazama kama baba aliyerudishiwa mtoto. Kisha nikajikumbusha kwamba mimi ni adui wa gemu hili, nikazima mashine.

Ijumaa baada ya alasiri hapakuwa na pa kutia mguu. Watu walikaa mpaka kwenye baraza ya nje, wakichungulia dirishani. Harith alikuwa ameipaka grisi kanyagio ya kiti. Nikapanda, nikajiinua mpaka juu, nikazunguka mara moja ili kila mtu aone.

"Shuka kidogo, utagonga feni," alisema Harith.

"Leo feni ndiyo itakayonipisha."

Ndirangu akawasha spika. Watangazaji wawili wa Kiingereza wakaanza kuzungumza kwa sauti nzito, kama watu waliokunywa asali. Walikuwa wazuri, siwezi kusema uongo. Mmoja anasema, mwenzake anacheka. Nikajisikia kama taa ya chemni iliyoletewa umeme.

Papa Upanga akaingia kwanza. Moshi, taa, kikoi kikipepea. Nikaanza kumtangaza, na nusu ya chumba ikanipigia makofi, lakini nusu nyingine ilikuwa ikisikiliza spika.

Kisha upenyo wa jicho moja ukafunguka paziani, na mkono wenye bangili mbili ukatoka, safari hii umeshika rimoti ya gemu, ukabonyeza. Taa za uwanja zikazimika. Zilipowaka, Bi Kinu, mpiganaji wa Bi Hadia, alikuwa amesimama mlangoni.

Nilikuwa nimejiandaa kucheka. Sikucheka. Alikuwa mwanamke mrefu, mnene kama nguzo ya jumba la kale, uso umetulia, na leso mbili za buluu, moja kiunoni na moja mabegani. Bi Hadia alikuwa amezichora mwenyewe, maua na pindo, na chini ya pindo, mahali ambapo leso huandikwa jina lake, ule msemo wa leso, aliandika kwa herufi kubwa: MANENO HAYAVUNDI MFUPA.

Chumba kikalipuka. Watu walipiga mikeka kwa viganja. Kila mmoja alijua leso ile ya maneno yasiyovunja mfupa imevaliwa kwa ajili ya nani.

"Muhdhar, umesomewa!" alipiga kelele Harith. Kisha Bi Kinu akageuka kupanda ulingoni, na mgongoni maandishi yale yale yalikuwa kinyumenyume, kama yaliyosomwa kwenye kioo. "Ai, na huku nyuma ni lugha gani?"

"Ndilo gemu lenu hilo!" nikafoka, nimepata pumzi. "Miaka yote hawajajua mbele na nyuma ya nguo!"

"Cheza, mwanangu," ikasema sauti paziani. "Mbele ndiko ninakokuya."

Kengele ikalia. Papa Upanga akamrukia. Bi Kinu akampisha kama mtu anayempisha punda kwenye njia nyembamba, akamsukuma, Papa akala kona. Nikamnyanyua, nikapiga ngumi, akaidaka. Gemu la kale lingenipa nafasi, maana kule ukibonyeza haraka haraka unashinda hata ukiwa umefumba macho. Hili lilitaka subira. Unangoja, unashika, unavuta. Na nani ana subira kumshinda mwanamke aliyekaa miaka minne nyuma ya pazia?

Nami huku natangaza. Ndiyo kanuni yangu: hata nikicheza mwenyewe, natangaza mwenyewe. "Papa amebebwa, jamani, amebebwa kama gunia la mchele gatini! Ameinuliwa! Naona mji mzima kutoka huku! Naiona Manda! Naiona kazi yangu!" Watu wakacheka. Papa akatua kwa mgongo. Kiti kikaanza kukoroma.

Dakika ya nane nilipata bahati yangu. Bi Kinu aliteleza, nikamtia teke, akalala chali katikati. Huu ndio wakati ambao kila mpinzani wangu anaujua: Papa Upanga hupanda kamba za kona, husimama juu, hunyosha pua, na huruka. Hakuna aliyewahi kuinuka baada ya mruko ule. Nikampandisha. Nikajipandisha na mimi, nikakanyaga kanyagio mara tatu. "Tulieni!" nikasema. "Mwenye kinu na aage mchi wake!"

Nikabonyeza.

Papa Upanga aliruka. Aliruka vizuri. Kisha mguu wake wa kushoto ukaingia ndani ya kamba, si juu yake, si chini yake, ndani yake, kama uzi kwenye sindano, akageuka kichwa chini miguu juu, akabaki hewani. Hakuanguka. Hakurudi. Alining'inia pale akitetemeka kidogo, mikono ameitanua, kikoi kimemfunika uso, ameanikwa kama ng'onda juani.

Nilibonyeza kila kitu. Nilibonyeza hata visivyobonyezeka.

Kwenye spika, mtangazaji wa kwanza akasema kwa Kiingereza chake cha asali kwamba huu ni mchuano wa kufa na kupona. Mwenzake akakubali. Mwamuzi wa kwenye gemu akaja, akamtazama Papa, akaanza kuhesabu. Alifika tisa. Akasahau. Akaanza tena moja. Spika ikasema huu ni mchuano wa kufa na kupona. Mwenzake akakubali, kwa kicheko kile kile.

Chumba kizima kilikuwa kikinitazama. Mpiganaji wangu amening'inia kama nguo ya ndani mbele ya mji mzima, na ningeweza kutupa rimoti, kulaani, kutoka. Sijui ni nini kilichoniingia. Nadhani ni kile kikoi. Kilikuwa kimemfunika uso, na chini yake, kwa kuwa mtengeneza gemu hakufikiri kwamba mtu atawahi kumpindua mpiganaji aliyevaa kikoi, hapakuwa na chochote. Kiuno kilikuwa pengo, unaona uwanja ng'ambo ya pili.

"Jamani," nikasema polepole, "Papa hana makalio."

Kilichofuata siwezi kukieleza vizuri. Harith alianguka juu ya watu. Wale wa dirishani walimwomba aliye mbele awasimulie. Nami nikafunguka. "Miaka minne namlisha, jamani, chakula kilikuwa kinakwenda wapi? Mwamuzi yule, mtazameni, amefika saba, amekumbuka ameacha chai motoni, anarudi moja! Mwalimu Ndirangu, huyu ni mwanafunzi wako? Papa, mwanangu, nimekuchonga pua mara nne, ningejua ningeanza na upande wa pili!" Nikaendelea hivyo, nikipumua pale tu vicheko viliponipa nafasi, na kiti kikashuka, kikashuka, mpaka magoti yangu yakawa karibu na kidevu na nikawa natangaza kutoka chini kama mtu aliyetumbukia kisimani. Wakazidi kucheka.

Spika ikaanza tena: mchuano wa kufa na kupona. Ndirangu, machozi yakimtiririka, akanyosha mkono.

"Wewe nyamaza, simskii Muhdhar," akaiambia, na akaizima.

Mwenyewe. Spika yake mwenyewe, aliyoibeba kutoka Nyeri.

"Mmeisha?" ikasema sauti paziani, nayo ilikuwa ikitetemeka kwa kicheko. "Maana mimi sijaisha."

Bi Kinu akainuka. Akajifunga leso vizuri. Akamwendea Papa pale alipoanikwa, akaruka na viwiko viwili juu kama mchi, akashuka. Twa! Kamba ikamtapika Papa. Akaanguka katikati ya ulingo, makalio yake yakarejea, na kabla hajayafurahia Bi Kinu akamketia kifuani. Mwamuzi, ambaye sasa alikumbuka kila kitu, akahesabu moja, mbili, tatu, upesi kama anayekimbilia boti ya mwisho. Nami nilihesabu naye, kwa sauti, neno kwa neno, mpaka ile tatu. Kanuni yangu haina mapumziko.

Makofi yalipotulia, Bi Hadia akasema, "Haya, Muhdhar. Hukumu."

Nikasimama. Kiti kilikuwa chini kabisa, ikanichukua muda.

Naona mnajua nilikuwa na nini mkononi. Nilikuwa na gemu linaloshushwa kwa siku mbili na nusu, mwamuzi asiyejua kuhesabu, watangazaji wenye sentensi moja, maandishi kinyumenyume, na mtu asiye na makalio. Ningesema la kale ni bora, nani angebisha? Harith alikuwa tayari ananikonyeza. Kiti kilikuwa changu, bure, mbele ya watu walionipenda siku ile kuliko siku yoyote.

Lakini niliona pia leso ile ya buluu ikipeperuka. Niliona pua yenye kivuli. Nilikumbuka kwamba katika la kale ningeshinda kwa kubonyeza haraka haraka, nikajisifu, tukala mahamri, na nyuma ya pazia angekuwapo bingwa ambaye gemu linamrudisha mlangoni. Na kweli yenyewe ni hii: katika miaka minne sikuwahi kucheka hivyo. Nilipofungua kinywa, nilijua kina cha mwisho ni kipi, na safari hii nilikwenda nacho kwa miguu yangu:

*Mwamuzi wake ni pumba, hesabu yake mauti,*
*Hunasa watu kwa kamba, wakaning'inia kati;*
*Lakini leo naimba, ukweli hauna eti:*
*Limelishinda, naamba. Bi Hadia, shika kiti.*

Mtu mmoja nje dirishani akasema, "Wallahi, mwanamume," na paa likataka kuruka.

Harith na Ndirangu wakakikokota kiti, kikikwaruza sakafu, wakakipitisha chini ya pazia. Kikapotea. Nikabaki nimesimama katikati ya mkeka, mikono sijui niiweke wapi, kama mtu aliyekatwa nywele akapewa kioo.

"Sasa," akasema Ndirangu, "nani na nani?"

"Mimi na wewe," akasema Harith. "Na hiyo spika yako iache hapo hapo ilipo."

Wakakaa. Ulingo ukawaka. Mpiganaji wa Ndirangu, aliyevaa suti kama anakwenda kusahihisha mitihani, akaingia, na moja kwa moja koti lake likapenya kwenye bega lake likatokea upande wa pili. Nikaliona kabla ya wote. Nikafumba mdomo, kwa maana mtu aliyeacha kiti nilidhani ameacha na vilivyo juu yake.

Nyuma ya pazia kikasikika kitu. Kwi. Kimya. Kwi, kwi. Kanyagio. Kitambaa cha kichwa cha Bi Hadia, cha njano, kikachomoza juu ya kamba ya pazia, kikapanda taratibu kama jua la Eid, kikasimama karibu na dari. Kikageuka kushoto. Kikageuka kulia.

"Subhanallah," ikasema sauti kutoka juu, "kumbe huku mwaona hivi?" Halafu, kwa ukali: "Muhdhar! Nimekaa kusikiliza, mbona husemi? Mwalimu koti limemla bega!"

Nikagundua kwamba mtu aliyesimama ana mikono miwili, miguu miwili na mkeka mzima wa kuonyesha jinsi koti linavyomla mtu bega. Nikavua kofia, nikampa aliye karibu anishikie.